Kupanga Msuko wa Riwaya Kabla ya Sura ya Kwanza

Mtu anayeishi Mwanza na kutaka kuandika riwaya hakosi mandhari wala watu wa kuwaandika, kwani soko la samaki la Kirumba peke yake lina visa vya kujaza rafu nzima. Kinachomkwamisha kwa kawaida ni msuko, yaani jinsi matukio yanavyofuatana na kusababishana. Mswada huanza kwa kishindo na wahusika wanazungumza vizuri, lakini baada ya sura nne au tano mwandishi hajui nani aende wapi na kwa sababu gani. Mwongozo huu unahusu kazi ya kufanya kabla ya kufika hapo, na mfano wake ni mhusika wa kubuni, Kabula, mchuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kayenze, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki.

Anza kwa kuandika sentensi moja inayojibu maswali matatu: mhusika mkuu anataka nini, anazuiwa na nini, na asipokipata atapoteza nini. "Riwaya kuhusu maisha ya wavuvi" ni mada tu, na mada haijengi hata sura moja. Sentensi ya Kabula inaweza kuwa hii: Kabula anataka kumlipa tajiri mwenye mitumbwi kabla giza lijalo halijaisha, lakini dagaa aliowachukua kwa mkopo wamenyeshewa wakaharibika, na asipolipa atanyang'anywa kiwanja alichoachiwa na mama yake. Muda umo ndani ya sentensi hiyo: giza ni zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa taa hizo haziwavuti inavyotakiwa, hivyo mitumbwi hupumzika. Mwezi ndio unaoamua lini kuna fedha mwaloni na lini watu wanakopa. Mwandishi anayelijua hilo hana haja ya kubuni siku ya mwisho ya deni, kwa sababu ipo angani na kila mhusika anaiona.

Ukishapata sentensi hiyo, usikimbilie mwanzo. Nenda kwanza kwenye kilele. Kilele cha riwaya ni uamuzi ambao mhusika mkuu hawezi kuukwepa na ambao kila upande wake una hasara. Tuseme tajiri yuko tayari kufuta deni iwapo Kabula atawaambia maofisa wa uvuvi kwamba kokoro lililokamatwa, zana iliyopigwa marufuku, ni mali ya mdogo wake, ambaye kwa kweli ni kibarua tu wa kulivuta. Uamuzi unazidi kuwa mgumu ikiwa kijana mwenyewe amekubali kubeba kosa hilo, kwa kuwa na yeye hana pa kulala zaidi ya kiwanja hicho. Ukilijua hili mapema, sura za mwanzo zinajipanga zenyewe: ni lazima msomaji amwone kijana akipata kibarua, alione kokoro kabla halijawa kesi, na aelewe mama alikipataje kiwanja.

Sehemu ya katikati ndiyo inayowashinda wengi, na sababu yake ni kwamba matukio yanafuatana bila kuzaana. Chukua ile mvua. Dagaa wameanikwa mchangani tangu asubuhi, wingu zito linatokea ziwani, na Kabula ana turubai moja tu wakati kando ya dagaa wake wapo wa jirani aliyemwachia ulinzi akaenda msibani. Mvua yenyewe haisogezi hadithi hata hatua moja. Kinachoisogeza ni turubai: akifunika dagaa wa jirani anaingia kwenye deni, na akifunika wake anampoteza mtu ambaye angemsimamia mbele ya maofisa. Kwa hiyo kila tukio ulilopanga liulize mhusika aliamua nini hapo, na uamuzi huo ulisababisha nini. Tukio ambalo ukiliondoa mengine yanabaki yamesimama wima halina kazi katika msuko, hata liwe limeandikwa kwa ufundi gani.

Bahati inaruhusiwa kumtumbukiza mhusika matatani, lakini isimtoe. Mjomba anayetokea Geita na fedha katika sura ya mwisho ni udanganyifu, na msomaji hukasirika kwa haki.

Wakati wa hadithi nao hugusa msuko. Kama kisa chako kinamtaka mtu achelewe njiani kutoka Sengerema, foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilitosha kabisa. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025, sababu hiyo haipo tena, na itakubidi urudishe kisa nyuma au utafute kizuizi kingine.

Ukitaka kuona visababishi vikifanya kazi, soma riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1971. Orodhesha matukio yake makuu kwenye karatasi na uone jinsi ukali wa baba nyumbani unavyomwandalia binti maafa pale anapokuwa mbali naye.

Kuhusu mpangilio wa wakati, riwaya ya kwanza ni heri ifuate msuko wa moja kwa moja, na mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, itumike pale tu ambapo jambo la zamani linabadilisha uamuzi wa sasa. Ngazi tano (utangulizi, kupanda kwa matukio, kilele, kushuka na hitimisho) za mwandishi Mjerumani Gustav Freytag, aliyezieleza mwaka 1863 akizungumzia tamthilia, zinafaa kukagulia mswada uliokamilika kuliko kuutungia.

Mwisho gawanya sura. Riwaya ya maneno 60,000 yenye sura za maneno 3,000 ina sura 20, na kilele chake kinaweza kukaa katika sura ya 17 au ya 18. Kwa kila sura andika kwenye kadi mistari miwili tu: mhusika ameingia akitaka nini, na ametoka hali yake ikiwa imebadilika vipi. Kadi isiyo na badiliko iunganishe na jirani yake. Kisha anza kuandika, na Kabula akikataa kutenda ulichompangia katika sura ya tisa, jambo ambalo hutokea sana, kubali. Usiguse sura zilizotangulia, bali kaa chini uandike upya kadi zilizobaki kuanzia ya kumi.