Kulifahamu Gari Lililotumika Kutoka Japani: Ndani ya Kabini na Chini ya Boneti

Magari mengi madogo yanayotembea katika miji yetu yaliendeshwa Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Mnunuzi hulipokea gari lake bila kitabu cha maelekezo, au hupewa kitabu kilichoandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Kwa sababu hiyo dereva hujifunza usukani, gia na breki, na mengine yote humwachia fundi, ilhali sehemu kubwa ya yale ambayo fundi atamwambia kwa malipo imeandikwa au inaonyeshwa ndani ya gari lenyewe. Mfano ninaoutumia hapa ni Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa mikono yangu, lakini mengi ya haya yanahusu pia Vitz, Passo, Probox na ndugu zao.

Anza na taa za dashibodi. Zungusha ufunguo hadi kituo cha ON bila kuwasha injini, kisha utazame. Taa za tahadhari zote zinapaswa kuwaka kwa pamoja: ya oili, ya betri, ya injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki kwa nguvu) na ya mifuko ya hewa iliyoandikwa SRS. Baada ya sekunde chache za ABS na SRS huzimika zenyewe, na zile za oili, betri na injini huzimika injini inapowaka. Taa ambayo haikuwaka kabisa inastahili kukutia shaka kuliko inayoendelea kuwaka, kwani huenda mtu aliondoa balbu yake ili kuficha hitilafu, na uchunguzi huu wa nusu dakika ufanywe kabla ya kulipia gari. IST haina mshale wa kupima joto la injini. Ina taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi na kuzimika ikishapata moto, na taa nyekundu inayowaka injini inapochemka. Nyekundu hiyo, pamoja na ile nyekundu yenye picha ya kopo la oili, humaanisha usimame pembeni na kuzima injini papo hapo, hata kama umebakiza mita 500 kufika nyumbani, kwa sababu injini isiyo na msukumo wa oili huharibika kwa muda mfupi mno. Taa ya rangi ya machungwa hukuruhusu kuendesha taratibu hadi gereji.

Sehemu ya kabini inayotumiwa vibaya kuliko zote ni kiyoyozi. Gari lililoegeshwa juani lifunguliwe vioo kwanza kwa dakika moja au mbili ili hewa ya moto itoke, ndipo uwashe kiyoyozi na kubonyeza kitufe chenye mshale unaojizungusha ndani ya picha ya gari. Kitufe hicho huzuia hewa ya nje na kuizungusha ile ya ndani, hivyo ubaridi huja haraka na vumbi la barabarani haliingii. Hata hivyo, katika safari ndefu mkiwa watu wanne au watano, ruhusu hewa ya nje iingie mara kwa mara, kwa kuwa hewa iliyokwisha kupumuliwa humletea dereva usingizi. Mvua inaponyesha na kioo cha mbele kikaingia ukungu, watu wengi huzima kiyoyozi na kufuta kioo kwa kitambaa, jambo ambalo huacha michirizi na kumwondolea dereva mkono mmoja kwenye usukani. Njia sahihi ni kukiwasha, kuelekeza upepo kwenye kioo na kuruhusu hewa ya nje, kwani kiyoyozi hukausha hewa. Maji yanayodondoka chini ya gari baada ya kukitumia ni ya kawaida kabisa. Kinachopaswa kukushughulisha ni zulia la upande wa abiria wa mbele kulowa, maana hapo ni dalili kwamba mrija wa kutolea maji hayo umeziba.

Gari langu lilipoacha kupuliza vizuri, gereji moja ilinijazia gesi mara mbili ndani ya miezi 6, na mara zote mbili nililipa bila kuuliza swali. Kasoro haikuwa gesi. Nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria kuna chujio la hewa ya kabini, na langu lilikuwa limejaa vumbi jekundu na majani makavu hadi upepo haukuwa na pa kupita. Kulitoa hakuhitaji spana hata moja: toa vitu vyote kisandukuni, bana kuta zake mbili kwa ndani ili kishuke, kisha vuta kifuniko chembamba cha plastiki na utoe chujio. Unaporudisha jipya, fuata mshale unaoonyesha mwelekeo wa upepo. Wakati mwingine utakuta nafasi tupu kwa sababu aliyekutangulia alilitoa asilirudishe. Anayepita barabara za vumbi alikague kila anapobadilisha oili.

Kwenye gari la gia otomatiki, kitufe kilicho kwenye mkono wa gia huondoa gia ya nne, na kikiwa kimebonyezwa dashibodi huonyesha maandishi O/D OFF. Wapo madereva wanaosafiri mwendo mrefu maandishi hayo yakiwaka, wakilalamika kuwa gari linakunywa mafuta. Mahali pake hasa ni kwenye mteremko. Ukishuka Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida, ondoa gia ya nne, na panapozidi ukali shusha hadi 2 au L ukiwa tayari umepunguza mwendo, ili injini yenyewe ilizuie gari na breki zipumzike. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto hadi kanyagio linalegea, hasa ikiwa mafuta ya breki ni ya zamani, kwani mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa na kuchemka mapema. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Karibu na mkono wa gia kuna pia kitufe kidogo au tundu lenye kifuniko, lililoandikwa SHIFT LOCK. Betri ikifa huku gia ikiwa P, bonyeza hapo ndipo gia itakubali kwenda N na gari lisukumike.

Upande wa usukani kuna gurudumu dogo lenye namba kuanzia 0, ambalo hushusha mwanga wa taa kubwa. Ukipakia mizigo mizito kwenye buti, pua ya gari huinuka na taa zako humpofusha dereva anayekuja mbele yako. Ongeza namba, nawe utakuwa umemwokoa mtu usiyemjua.

Redio ya Kijapani ilitengenezwa kwa mawimbi ya 76 hadi 90 MHz, ilhali stesheni zetu huenea hadi 108. Kifaa kidogo kinachounganishwa kwenye waya wa antena hulimaliza tatizo hilo. Sauti ya kike inayozungumza Kijapani kila unapowasha gari kwa kawaida hutoka kwenye kisoma kadi za ushuru wa barabara kuu za Japani, nayo inakueleza kwamba kadi haijaingizwa. Kichomolewe tu.

Sasa fungua boneti, asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe hadi mwisho, kitoe tena, na usome: oili iwe kati ya alama mbili. Oili nyeusi si ajabu, lakini iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na hapo gari lisiwashwe. Injini ya IST ya lita 1.5 huchukua takriban lita 3.7 pamoja na chujio jipya, kwa hiyo fundi anayemimina galoni nzima ya lita 4 anazidisha, na oili iliyozidi hutoa povu na kushindwa kulainisha. Mwombe akurudishie kilichobaki.

Maji ya rejeta yaangaliwe kwenye chupa ya pembeni, kati ya LOW na FULL. Kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa ya moto, maana maji yanayoruka hapo huunguza uso na mikono vibaya. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, badala ya maji ya bomba, ambayo huleta kutu ndani ya njia za injini.

Upepo wa matairi umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kwa kipimo cha kPa. Fundi wa pancha hutumia psi, hivyo gawanya kwa 6.9: 220 ni 32, na 250 ni kama 36. Pima kabla hujatembea, na usilisahau tairi la akiba. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (mikato ya usoni mwa tairi) nzuri na mpira wake ukawa umezeeka.

Fyuzi ikiungua, irudishiwe yenye namba ileile. Kuweka waya badala yake ni kuualika moto ndani ya dashibodi. Betri ya gari lililolala usiku kucha isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, kasoro huenda iko kwenye jenereta ya injini (alternator) inayochaji betri, na kununua betri mpya hakutasaidia. Unapoitoa betri, legeza kwanza ncha ya hasi, na unapoirudisha hasi iwe ya mwisho. Ila ukumbuke kwamba baadhi ya redio za Japani hujifunga na kudai namba ya siri mara umeme unapokatika, basi uliza kwanza kama yako ni ya aina hiyo.