Ukiposti sayansi, kila sentensi ijitegemee

Kama we ni mtafiti na umeamua kuelezea kazi yako mitandaoni, jua kabisa kwamba posti yako haitasomwa yote. Itakatwa. Mtu atapiga skrinishoti sentensi moja tu, ataitupa kwenye grupu, na wa kwenye grupu hawatajua kama huku chini uliweka maelezo na linki. Watafiti wengi wanalalamika eti watu hawaelewi sayansi, mi naona kasoro kubwa iko kwetu, tumezoea kuandika dai ukurasa wa 2 halafu tahadhari tunaiweka ukurasa wa 9, sasa mtandaoni ukurasa wa 9 haupo.

Kwa hiyo mi nafuata kitu kimoja: sentensi yenye dai itembee na tahadhari yake humohumo ndani.

Chukua hii. Oktoba 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, ilitangaza kwamba nyama za kusindika kama soseji na bekoni zinasababisha saratani, ikaziweka kundi la 1 ambalo sigara nayo imo. Wakasema kila gramu 50 kwa siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Basi vichwa vya habari vikatoka kwamba soseji ni sawa na sigara, watu wakamwaga povu, wakati yale makundi yanapima ushahidi una nguvu kiasi gani, hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani.

Sasa ukiposti "nyama ya kusindika inaongeza saratani kwa asilimia 18" hujadanganya, ila umepotosha, maana anayepita haraka anaelewa watu 18 kati ya 100 wataugua. Andika hivi: "Tuseme katika watu 100 kuna 5 ambao wangepata saratani ya utumbo mpana maishani, basi wote 100 wakila gramu 50 za soseji kila siku, hao 5 wanakuwa kama 6." Imekuwa ndefu kidogo, sawa, lakini mtu akiikata popote bado haidanganyi. Na kabla hujaposti mtumie hiyo sentensi peke yake mtu asiye wa fani yako, muulize ameelewa nini, usimsaidie chochote. Akikosea, sentensi ndo mbovu, yeye hana kosa.

Kama majaribio yalifanyika kwa panya, sema panya, tena mwanzoni kabisa. Mwaka 2019 mtafiti James Heathers alifungua akaunti Twitter ambayo kazi yake ilikuwa kushea habari za tiba mpya na kuongezea tu kwamba ni kwa panya, basi, na ikapata wafuasi kibao kwa sababu kila mtu alikuwa ameshachoka kuahidiwa dawa. Vilevile kama andiko liko medRxiv au bioRxiv tu, yaani zile tovuti ambazo watafiti wanaweka maandiko yao kabla hayajakaguliwa na jarida, sema wataalamu wengine hawajalipitia bado.

Kubadilisha msimamo ndo pagumu zaidi. Mwanzoni mwa 2020 WHO walikuwa wanasema mtu mzima wa afya hana haja ya kuvaa barakoa mtaani, ilipofika tarehe 5 Juni wakashauri serikali zihimize watu kuvaa kwenye maeneo yenye msongamano na pale ambapo kukaa mbalimbali haiwezekani. Ushahidi ulikuwa umeongezeka, ila mpaka leo kuna mtu anazo skrinishoti zote mbili na anaziweka pamoja kuonyesha kwamba wanasayansi ni vigeugeu. Hutoweza kumzuia. Unachoweza ni kuweka tarehe ndani ya posti yenyewe, na kusema mapema ni kitu gani kikitokea utabadilisha mawazo. Ukigundua umekosea usifute kimyakimya, maana watasema umeficha, weka sahihisho juu kabisa ya posti.

Komenti sasa. Anayeuliza kweli mjibu hata kama swali unaona la kitoto. Anayebisha mjibu mara moja tu, tena jibu lako liandikie wale wanaopita wakisoma bila kusema kitu, ndo wengi. Mfano mtu kaandika chanjo ya surua inaleta usonji. Ukimwambia "acha ujinga, kasome" umempoteza yeye na wote wanaosoma. Jaribu: "Wasiwasi wako naelewa, ni mtoto wako. Hilo dai lilianza na andiko la 1998 lililohusu watoto 12, jarida la Lancet likalifuta 2010. Watafiti wa Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatoka 2019, hawakuona chanjo ikiongeza usonji." Ukishaandika hivyo toka. Akirudi na jingine muache, ukiendelea kubishana naye unaipandisha tu ile komenti yake ionwe na wengi.

Matusi yapo na usiyachukulie poa. Jarida la Nature lilihoji wanasayansi 321 mwaka 2021, waliokuwa wamezungumza na vyombo vya habari kuhusu Kovidi, asilimia 15 walisema wametishiwa kuuawa. Ondoa namba ya simu kwenye profaili, posti ukishaondoka mahali na sio ukiwa bado upo, washa uthibitisho wa hatua mbili, na ukitishiwa piga skrinishoti kabla hujablok maana ukichelewa anafuta na ushahidi umeondoka. Mwajiri wako ajue mapema, yaani kabla hata hujaanza, muulize nani atasimama na wewe mambo yakichafuka, wengi wanakupongeza ukitrendi na wanapotea ukitukanwa. Siku ambayo komenti ni moto mpe rafiki asome badala yako, akuletee yale maswali ya maana tu.

Na usikae kwenye jukwaa moja. Elon Musk alinunua Twitter Oktoba 2022, Julai 2023 ikawa X, watafiti wengi wakahamia Bluesky, mtandao mwingine unaofanana nayo, na wafuasi wao wakabaki X. Maelezo kamili yaweke kwenye tovuti yako mwenyewe, mitandaoni weka vipande na linki.