Kuchora Mifereji ya Venice kwa Rangi za Maji

Wengi wanaochora mfereji wa Venice huanza kwa kutafuta rangi ya maji, na hapo ndipo picha huharibika, kwa kuwa maji ya mfereji mwembamba huonyesha zaidi kuta zilizo juu yake: wekundu wa matofali, umanjano wa lipu iliyobanduka na weupe wa jiwe la Istria (jiwe la chokaa kutoka rasi ya Istria) kwenye vizingiti na madirisha. Kwa hiyo kuta zitangulie, maji yafuate.

Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyepesi zaidi hujikunja ikilowa. Rangi nne zinatosha: altramarini (buluu iliyokolea), siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), oka ya njano na kijani cha viridiani. Altramarini na siena zikikolezwa pamoja hutoa weusi wa gondola, mashua nyembamba za Venice, ulio hai kuliko weusi wowote wa tyubu.

Amua mapema utatazama kutoka wapi. Mchoraji Mmarekani John Singer Sargent alichora picha nyingi za Venice akiwa ndani ya gondola, na ndiyo maana kuta katika picha hizo huonekana zimeinuka juu ya mtazamaji. Lakini anayejifunza apande darajani, kwani kutoka juu maji huchukua nafasi kubwa na taswira za kuta ndani yake hupata nafasi.

Taswira ndani ya maji si picha iliyopinduliwa tu. Nguzo iliyoinamia kushoto, taswira yake nayo huinamia kushoto, na chini ya daraja maji huonyesha tumbo la tao ambalo wewe uliyesimama ukingoni hulioni lote. Aidha, kilicho cheupe hufifia kidogo majini, na kilicho cheusi hupungua ukali.

Kuta zikikauka, lowesha sehemu ya maji kwa maji safi, kisha dondosha rangi za kuta kwa mipigo ya brashi inayoshuka wima, ukiziacha ziingiliane zenyewe. Usirudierudie, hapa ndipo uvumilivu hupungua na tope huzaliwa. Baada ya kukauka, ongeza mistari michache ya mlalo, myembamba kwa mbali na mipana karibu, na ubakize weupe wa karatasi mahali jua linapometa.

Usisahau ukanda wa mwani chini ya kuta, ambapo bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Upake kwa viridiani na siena, ukingo wake wa juu usinyooke, na sehemu ya chini iwe nyeusi zaidi. Bila ukanda huo nyumba huonekana zinaelea.

Gondola huja mwisho, na huchorwa pamoja na taswira yake majini wakati rangi ingali mbichi, bila mstari wa kuzitenganisha.