Hesabu za mafumbo kwenye SAT: anza na sentensi ya mwisho

Wanafunzi ninaowaandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, wengi wanajua kutatua milinganyo vizuri tu. Alama zinawapotea kwenye mafumbo, na mara nyingi kwa sababu moja inayoniumiza sana: wamepata jibu sahihi la swali ambalo hawakuulizwa.

Hesabu zina sehemu mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35. Una dakika moja na nusu hivi kwa swali. Tuchukue fumbo hili:

Ukumbi uliuza tiketi 210 na kukusanya dola 2,020. Tiketi ya mtu mzima ni dola 12, ya mtoto dola 7. Tiketi za watu wazima zilizidi za watoto kwa ngapi?

Hatua ya 1. Soma sentensi ya mwisho kwanza, kisha andika kwenye karatasi kinachotafutwa: "tofauti, idadi ya tiketi". Andika kweli, usikariri kichwani.

Hatua ya 2. Taja herufi zako kwa ukamilifu. Usiandike "w = watu wazima". Andika "w = idadi ya tiketi za watu wazima", na "t = idadi ya tiketi za watoto". Asiyefanya hivi, baada ya mistari miwili hajui tena kama w ni tiketi au ni dola.

Hatua ya 3. Tenga mlinganyo wa idadi na wa fedha:

w + t = 210
12w + 7t = 2,020

Hatua ya 4. Tatua. Programu ya mtihani ina kikokotoo cha Desmos ndani yake, kinachochora grafu za milinganyo: tumia x na y badala ya w na t, ingiza milinganyo yote miwili, kisha soma mistari inapokatana. Mimi napenda zaidi njia hii: chukulia tiketi zote ni za watoto. Zingeleta dola 1,470, kwa hiyo zimepungua 550. Kila tiketi ya mtu mzima inaongeza dola 5. Gawa 550 kwa 5, unapata 110. Za watoto ni 100.

Hapa ndipo wengi wanapobofya 110, maana ipo kwenye machaguo na inawatazama. Rudi kwenye ulichoandika hatua ya 1: tofauti. Jibu ni 10.

Hatua ya 5. Hakiki kwa fumbo lenyewe: 1,320 + 700 = 2,020. Sekunde kumi tu.

Maneno mawili ya kuyachunga. "Tano pungufu ya mara mbili ya n" ni 2n − 5. Ukifuata mpangilio wa maneno utaandika 5 − 2n na kukosa. Na punguzo: kama bei baada ya punguzo la asilimia 15 ni dola 68, usiongeze asilimia 15 juu ya 68. Punguzo lilikatwa kwenye bei ya zamani, kwa hiyo 0.85p = 68, na p ni 80.

Fumbo likikukwamia kwa dakika mbili, liwekee alama ya kulirudia uendelee. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo kabla muda haujaisha hakikisha kila swali lina jibu.