Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Wakili wa Mji Mdogo Aliyeingia Bungeni

Mwandishi wa wasifu wa aina hii hushawishika kuanzia bungeni, kwa kuwa huko ndiko hotuba zilikohifadhiwa. Ni afadhali aanzie masjala ya mahakama. Miaka ambayo wakili huyo aliitumia kudai madeni ya watu, kuandika wosia na kusimamia kesi za mipaka ya mashamba ndiyo iliyomjengea jina kwa wapiga kura.

Kwanza panga tarehe, na usizipange kwa kufuata masimulizi. Chukua mfano wa Abraham Lincoln, ambaye wengi humsimulia kama wakili aliyeingia katika siasa. Alishindwa uchaguzi wa bunge la jimbo la Illinois mwaka 1832 na akashinda mwaka 1834, na mara zote mbili alikuwa bado hana leseni ya uwakili. Leseni aliipata mwaka 1836, akahamia Springfield mwaka 1837, akaendelea na ubunge wa jimbo hadi 1842, kisha akaingia Baraza la Wawakilishi la Marekani kwa muhula mmoja, 1847 hadi 1849. Tarehe hizo zikikaa mahali pake, inaonekana kwamba siasa ndiyo iliyomfungulia mlango wa sheria: John Todd Stuart, wakili aliyemhimiza asome na baadaye akamfanya mshirika wake, alikuwa mbunge mwenzake.

Ukifika kwenye majalada ya kesi, andika kwa kila jalada nani alikuwa mdai, nani mdaiwa, wakili wako alisimama upande gani, ada ilikuwa kiasi gani na hukumu ilisemaje. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo itakayokuepusha na mtego wa kuchagua kesi tamu tu. Kila msimulizi wa Lincoln huitaja kesi ya mauaji ya mwaka 1858, alipotumia almanaka, yaani kitabu cha kalenda chenye nyakati za mwezi, kuonyesha kwamba mwezi ulikuwa unakaribia kutua saa ile ambayo shahidi alidai kuliona tukio kwa mwanga wake. Hata hivyo, yeye na washirika wake walishughulikia kesi zaidi ya 5,000, na zaidi ya nusu zilihusu madeni.

Jalada linalomwaibisha mtu wako ndilo la kusomwa kwa utulivu zaidi. Oktoba 1847, muda mfupi kabla ya kuingia Baraza la Wawakilishi, Lincoln alimtetea Robert Matson, mmiliki wa watumwa kutoka Kentucky aliyetaka kurudishiwa familia ya watumwa aliyoileta shambani kwake Illinois. Mahakama iliiacha huru familia hiyo. Januari 1849, Lincoln huyohuyo alisoma barazani pendekezo la kukomesha utumwa hatua kwa hatua katika mji mkuu. Ziweke habari hizo mbili karibu karibu, na usizilazimishe kupatana.

Kumbukumbu rasmi za bunge zisome kwa kufuata kura na kazi za kamati, si hotuba peke yake, maana hotuba nyingine hutolewa kwa ajili ya magazeti ya nyumbani. Kisha ndipo uwahoji watu. William Herndon, mshirika wa mwisho wa Lincoln, alikusanya kumbukumbu za majirani baada ya Lincoln kufa mwaka 1865. Ni hazina, ila nyingi zilisimuliwa miaka mingi baada ya matukio, kwa hiyo kila simulizi ilinganishwe na jalada. Kama wateja wa wakili wako bado wako hai, usichapishe siri zao bila idhini yao.

Usifunge wasifu siku mbunge alipokiacha kiti. Lincoln alirudi kwenye uwakili, akaishindia kampuni ya reli ya Illinois Central kesi kubwa ya kodi, na mwaka 1857 akaishtaki kampuni hiyohiyo ili imlipe ada yake ya dola 5,000.