Unataka kuhoji wanawake gerezani Mbeya kwa utafiti wa chuo? Anzia hapa

Wadau, usiende Gereza la Ruanda na barua ya chuo tu ukadhani afande atakufungulia geti. Kibali kinatoka juu, Makao Makuu ya Magereza, na kinachelewa kwelikweli, so omba mapema halafu endelea kusoma.

Ukishaingia, jua mfungwa na mahabusu ni watu wawili tofauti, mmoja keshahukumiwa mwingine anasubiri kesi, kwa hiyo usimuulize mahabusu alifanya nini, maneno yake yanaweza kumponza mahakamani. Mi nisingeuliza kosa kabisa. Anza na "mama, huko nyumbani walikuwa wanakuitaje?" maana hapo ndo utambulisho wenyewe unatoka: mama fulani, mwanakwaya, mweka hazina wa vikoba, muuza ndizi wa Tukuyu, na sasa ana sare na namba, pengine na mtoto mchanga mgongoni.

Na askari wa kike wahoji pia, gereza ni taasisi, nao wanaishi humo na sheria zake.

Ridhaa iombe ukiwa mbali na askari, la sivyo "ndiyo" yake ni ya woga. Simu haiingii, beba daftari. Majina usiandike kabisa, na maelezo kama "mwalimu wa Rungwe" futa pia, watu wanajuana.