Uko mbali na mji na jino limeanza kuuma? Fanya hivi kabla hawajaling'oa

Naandika hii kwa ajili ya watu wa kwetu, wale ambao kumuona mtu wa meno ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba imepotea. Mama yangu mdogo yuko Singida, kang'olewa meno manne kabla hajafika miaka 40, na mimi niliye Dar nimeoza meno vilevile ila yangu yamezibwa na nayatafunia mpaka leo. Ugonjwa ni uleule. Mimi nilipanda daladala nikafika, yeye alikaa miezi ananunua vidonge dukani mpaka jino likawa halina cha kuokoa, na hilo linaniuma sana kwa kweli.

Kwanza kabisa usisubiri maumivu ya usiku. Tundu likiwa dogo jino linapata ganzi ukinywa maji ya baridi au ukila kitu cha sukari, halafu linatulia, na watu wengi wakiona limetulia wanajua limepona. Hapo ndo pa kwenda maana linazibika kwa safari moja. Likishaanza kuuma lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usiku, ujue uozo umefika kwenye mshipa na hapo kuliokoa ni matibabu ya mzizi, yaani kusafisha ndani ya jino mpaka kwenye mizizi ndo lizibwe, yanataka eksirei, mara nyingi yanataka urudi zaidi ya mara moja, na sehemu nyingi yako mjini tu, kwa hiyo aliyeko kijijini anaishia kung'oa hata kama hakutaka.

Sasa unaenda wapi. Usikimbilie mkoani moja kwa moja. Zahanati kawaida hazina mtu wa meno, ila hospitali ya wilaya mara nyingi yupo na baadhi ya vituo vya afya pia, anaweza akawa sio daktari, ni tabibu wa meno, na watu wanamdharau bure tu wakati huyo kasomea kung'oa, kuziba na kusafisha. Kabla hujapanda gari muombe nesi wa zahanati yenu au mhudumu wa afya wa kijiji akutafutie namba, upige uulize: mtu wa meno yupo leo, sindano ya ganzi ipo, na vya kuziba vipo? Hilo la mwisho ndo watu hawaulizi. Mama mdogo alifika siku moja ametumia hela yote akaambiwa vya kuziba vimeisha, leo tunang'oa tu, na kwa sababu kashafika akakubali. Jino lile lingezibika.

Ukiambiwa mashine mbovu au umeme hamna, usigeuze kwanza, uliza kama wanaweza kuziba kwa mkono. Kuna njia inaitwa ART, tabibu anakwangua uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine kabisa halafu anajaza saruji ya meno inaitwa glasi ayonoma, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikatengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wakaitangaza kwa dunia 1994. Mwaka 2021 WHO hao hao wakaiingiza hiyo saruji kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Tundu kubwa sana halitafaa, ila kwa watoto na matundu madogo ni msaada mkubwa mno.

Hela. Watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo wamo kwenye sera ya msamaha hospitali za serikali, ila dirishani hakuna atakayekukumbusha. Beba barua ya serikali ya kijiji, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali KABLA hujalipa, uulize msamaha wako unafika mpaka kwenye meno au vipi. Mwenye bima naye aulize hivyo hivyo kabla ya safari. Na mjamzito usikubali kuambiwa usubiri mpaka ujifungue, meno yanatibiwa hata ukiwa na mimba, we sema tu ina miezi mingapi.

Kama uko Arusha, Kilimanjaro, Manyara au Singida na meno ya watoto yanatoka na rangi ya kahawia, huo sio uchafu, ni floraidi nyingi kwenye maji, usiwasugulie mchanga wala majivu. Kuyachemsha maji hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Kingeni ya mvua, ya kunywa na kupikia watoto walio chini ya miaka 8, maana umri huo ndo meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi.

Na kichanga akiharisha na homa mtu akakwambia ana meno ya plastiki yanayotakiwa kutolewa, kimbia naye zahanati. Yale ni machipukizi ya meno ya kawaida, watoto wamekufa kwa kuchokonolewa fizi na vyuma vichafu.

Uso ukivimba, uvimbe ukashuka shingoni, kumeza kunakuwa shida au mdomo haufunguki, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Usikae kunywa amoksilini ya dukani, inaweza kutuliza siku mbili tatu lakini chanzo kiko ndani ya jino.

La mwisho hili fanyeni pamoja. Mwambieni mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji waandike barua kwa mganga wa meno wa wilaya, kupitia kwa mganga mkuu wa wilaya, waombe timu ije shuleni kupima na kuziba. Vifaa vya ART vinaenea kwenye begi, wanachohitaji ni usafiri, chumba chenye mwanga, meza ya kumlaza mtoto na maji safi. Andikeni idadi ya watoto na umbali wa hospitali. Na ipelekeni mapema muhula ukianza, shule zikifungwa watoto wanatawanyika.